Laini inapiga lakini haipigiki: kuunganisha matawi na makao makuu kwa ruta ya laini

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo na matawi matatu: Morogoro, Ifakara na Makambako. Seva ya mauzo iko Kariakoo, ambako tuna faiba. Matawini hakuna faiba, kwa hiyo nimenunua ruta za kuweka laini. Fundi alifungua bandari (port, yaani milango ya data) kwenye ruta za matawi na kuweka jina la DDNS (jina linalofuata anwani ya ruta kila inapobadilika) ili tuingie kutoka Kariakoo, lakini hatujaweza kuingia hata mara moja, ingawa intaneti ipo. Baadaye akaweka VPN (njia ya faragha inayopita juu ya intaneti). Iliwaka na ping inakwenda, ila mfumo wa mauzo unafunguka nusu kisha unaganda. Nataka pia kuona kamera za matawi. Nifanye nini, na kila tawi linahitaji GB ngapi kwa mwezi?

Jibu: Ndugu yangu, ruta zako si mbovu. Laini ya simu iliyo ndani ya ruta inaweza kupiga, lakini haipigiki. Kampuni za simu hazina anwani za IP za kumtosha kila mteja, kwa hiyo laini nyingi hutoka nje kwa kugawana anwani moja ya umma. Ndani ya mtandao wao ruta yako hupewa anwani ya ndani tu, aghalabu inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo. Mtu wa nje akiitafuta ruta ya Ifakara anaishia kwenye mtambo wa kampuni ya simu, na mtambo haujui ampeleke kwa nani. Bandari alizofungua fundi ziko nyuma ya mlango ambao ufunguo wake hamna. DDNS nayo husajili ileile anwani ya kugawana, kwa hiyo jina linafanya kazi, ila linaelekeza kwenye mlango huohuo uliofungwa.

Hakikisha mwenyewe kwa dakika mbili. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, angalia anwani ambayo upande wa LTE, yaani 4G, umepewa. Kisha, kwa kompyuta iliyo kwenye ruta hiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako. Zikitofautiana, achana na habari ya kufungua bandari.

Dawa ni kugeuza uelekeo: matawi yapige, Kariakoo ipokee. Tawi likishafungua njia kwenda Kariakoo, data hupita pande zote mbili, kwa hiyo ukiwa Kariakoo utaingia kwenye kompyuta ya Ifakara bila kufungua bandari yoyote Ifakara. Kati ya maeneo yako manne, ni Kariakoo peke yake inayohitaji anwani ya umma isiyobadilika.

Usidhani faiba inakupa anwani hiyo bila kuiomba. Vifurushi vya faiba vya bei nafuu navyo mara nyingi hugawana anwani. Mpigie mtoa huduma wako, mwambie unataka IP ya umma ya kudumu, na uulize ada yake ya mwezi. Akikuambia haiwezekani, kodi seva ndogo ya mtandaoni, nayo iwe kituo ambacho Kariakoo na matawi yote yanapiga. Hapo angalia seva ilipo kabla ya kuangalia bei. Data ya Morogoro kwenda Kariakoo inaweza kubaki ndani ya nchi, kwa sababu watoa huduma hubadilishana data Dar es Salaam kwenye kituo cha TIX. Seva ikiwa Ulaya, kila risiti ya Morogoro inavuka bahari kwenda na kurudi, ikiongezewa zaidi ya milisekunde 100 kwa kila swali na jibu. Tena unafungwa na afya ya kebo za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani. Hakuna sababu ya mauzo ya saruji Ifakara kusimama kwa ajili ya kebo iliyokatika baharini, kama muuzaji na seva wote wako nchini.

Kwa VPN yenyewe, tumia WireGuard. Iko ndani ya Linux tangu toleo 5.6 la Machi 2020, iko kwenye ruta za MikroTik zenye RouterOS 7, kwenye ruta za Teltonika na zenye OpenWrt. Husafiri kwa UDP (namna ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho), hupita vizuri nyuma ya anwani za kugawana, na laini ikipewa anwani nyingine katikati ya mchana njia hujirudisha bila mtu kugusa kitu. PPTP, aina ya zamani ya VPN, iache kabisa: hubeba data kwa kifungashio cha GRE, ambacho haina namba ya bandari, hivyo mitambo ya kugawana anwani mara nyingi huiangusha, na usalama wake ulishavunjwa hadharani mwaka 2012. L2TP pamoja na IPsec, aina nyingine ya VPN, huwaka vizuri kwa tawi moja, kisha tawi la pili lenye laini ya kampuni ileile likitokea kwenye anwani ileile ya kugawana, yanaweza kuanza kuangushana, na fundi akamaliza wiki nzima akitafuta kosa ambalo halimo kwenye ruta. OpenVPN ni nzuri, lakini ikipita juu ya TCP (namna ya kutuma inayohakikisha kila kitu kimefika) na mtandao ukapoteza pakiti (vipande vya data) chache, tabaka mbili zinarudia kutuma kitu kilekile na kasi inaporomoka. Iweke akiba kwenye bandari 443, kwa mahali ambapo UDP imezuiwa.

Kabla ya kugusa VPN, gawa anwani za ndani upya. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.x au 192.168.88.x, na matawi mawili yenye fungu moja hayawezi kuonana hata VPN iwe nzuri namna gani. Kariakoo ipe 192.168.10.0/24 (yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.10), Morogoro 192.168.20.0/24, Ifakara 192.168.30.0/24, Makambako 192.168.40.0/24. Kwa njia ya VPN tumia 10.77.0.0/24: Kariakoo 10.77.0.1, Morogoro 10.77.0.2, na kuendelea. Yaandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati la seva. Kama ruta zako ni MikroTik, upande wa Morogoro uandike hivi:

/interface wireguard add name=wg-makao mtu=1360
/interface wireguard peers add interface=wg-makao public-key="UFUNGUO_WA_UMMA_WA_KARIAKOO" endpoint-address=IP_YA_KARIAKOO endpoint-port=51820 allowed-address=10.77.0.1/32,192.168.10.0/24 persistent-keepalive=25s
/ip address add address=10.77.0.2/24 interface=wg-makao
/ip route add dst-address=192.168.10.0/24 gateway=wg-makao

Kariakoo unafanya vilevile kwa upande wake, ukiweka bandari 51820 kuwa ya kusikilizia, ukiruhusu UDP ya bandari hiyo kwenye kanuni za ulinzi za ruta, na kwa kila tawi ukiandika anwani zake mbili (kwa Morogoro ni 10.77.0.2/32 na 192.168.20.0/24) bila kuweka endpoint (anwani ya kupigia), maana Kariakoo haipigi. Usisahau njia ya kurudi: bila kuiambia ruta ya Kariakoo kwamba 192.168.20.0/24 iko upande wa WireGuard, swali la Morogoro litafika na jibu litapotea.

Zile sekunde 25 za persistent-keepalive zisiachwe. Mtambo wa kampuni ya simu hukumbuka njia ya UDP kwa muda mfupi tu, kuanzia nusu dakika hadi dakika chache. Duka likipoa saa 8 mchana na hakuna anayeuza, njia inasahaulika, na Kariakoo haiwezi kulifikia tawi mpaka tawi lenyewe lianze kuongea. Pakiti ndogo ya kila sekunde 25 huuweka mlango wazi.

Sasa lile la mfumo kufunguka nusu kisha kuganda. Hili ndilo linalowafanya watu wengi wakate tamaa na VPN ya laini, ingawa linatibika kwa mstari mmoja au miwili. Pakiti ya kawaida ya mtandao ina ukubwa wa baiti 1500. WireGuard huifunga pakiti yako ndani ya nyingine, na kifungashio hicho kinakula baiti 60, au 80 kama njia ni ya IPv6. Ndiyo maana ukubwa wake wa kawaida, yaani MTU, ni 1420. Lakini 1420 inachukulia kwamba barabara nzima inapitisha 1500. Mtandao wa simu nao una kifungashio chake kati ya mnara na mitambo mikuu, kwa hiyo mara nyingi nafasi unayobakiziwa haifiki 1500. Ping ni pakiti ndogo, inapita. Ukurasa wa kuingilia ni mdogo, nao unapita. Orodha ya bidhaa 3,000 inakuja kwa pakiti zilizojaa, na hizo zinadondoka njiani. Ruta iliyozidondosha ilipaswa kurudisha ujumbe wa kusema "punguza ukubwa", ila mahali pengi ujumbe huo umezuiwa, basi seva inaendelea kutuma pakiti kubwa na tawi linaendelea kusubiri.

Pima, usikisie. Ukiwa Morogoro, kwenye kompyuta ya Windows, andika ping -f -l 1472 1.1.1.1. Njia hii haipiti ndani ya VPN, inapima laini yenyewe. Ikikataa, shuka: 1450, 1430, 1410, 1400, mpaka ijibu. Tuseme imejibu kwenye 1400. Ongeza 28 za vichwa vya pakiti, unapata 1428. Toa 60 za WireGuard, unabaki na 1368. Shuka kidogo kwa usalama, weka 1360 pande zote mbili. Matawi yakitoa majibu tofauti, Kariakoo itumie ndogo kuliko zote. Kisha, ili kompyuta zenyewe zisijaribu kutuma kubwa kuliko hiyo, ongeza kwenye ruta ya kila tawi na ya Kariakoo mstari huu, ukiweka jina la WireGuard la mahali husika:

/ip firewall mangle add chain=forward out-interface=wg-makao protocol=tcp tcp-flags=syn action=change-mss new-mss=clamp-to-pmtu

Kama baada ya hapo bado mfumo ni mzito lakini haugandi, angalia umeundwaje. Programu za uhasibu na stoo zinazofungua faili moja la hifadhidata kupitia folda ya mtandao zilitengenezwa kwa jengo moja. Kila ukibofya, zinauliza maswali mamia kwa faili hilo, na kila swali kwenye laini linasubiri milisekunde 40 hadi 80 badala ya moja. Mbaya zaidi, laini ikikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika, na hapo unapoteza hesabu za maduka yote manne. Kwa programu ya namna hiyo, mfanyakazi wa tawi afungue kompyuta iliyoko Kariakoo kwa Remote Desktop ndani ya VPN, ili programu na faili vibaki chumba kimoja na kinachosafiri kiwe picha ya skrini tu. Mfumo unaofunguka kwa kivinjari hauna shida hiyo.

Kuhusu mawimbi, usitegemee vijiti vya kwenye ruta. Fungua ukurasa wa hali ya LTE (kwenye MikroTik ni /interface lte monitor lte1) usome namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -80 na kuelekea sifuri ni nzuri sana, -90 inatosha, -100 ni ya kuvumilia, -110 usitegemee biashara juu yake. SINR ni usafi wa mawimbi, na kwa VPN hiyo ndiyo muhimu zaidi: 20 na kupanda ni safi, 13 hadi 20 ni nzuri, chini ya hapo kasi inashuka, chini ya sifuri ni kelele tupu. Unaweza kuwa na vijiti vyote na SINR ya 2, kwa sababu ruta inasikia minara mitatu kwa nguvu sawa. Duka lenye paa la mabati na kuta za zege ni sanduku la kuzuia mawimbi, kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ipeleke ruta dirishani upande wa mnara usome tena.

Ukihitaji antena ya nje, tahadhari na kebo. Mita 10 za kebo nyembamba ya RG58 kwenye mawimbi ya 1800 MHz zinapoteza takriban dB 8, maana yake faida yote ya antena uliyolipia imeishia ndani ya waya. Kebo nene ya LMR-400 kwa urefu huohuo inapoteza kama dB 2. Lakini ninachokishauri kwanza ni ruta ya nje, ile ambayo modemu iko ndani ya antena yenyewe juu ya paa: mawimbi yanaishia palepale, na kinachoshuka ni kebo ya mtandao ya Cat6 inayobeba data na umeme pamoja, ambayo mita 30 kwake si kitu. Antena za LTE zina waya mbili na zote mbili lazima zifungwe, maana modemu inapokea njia mbili kwa wakati mmoja. Unapoielekeza, zungusha nyuzi 10 hivi, subiri dakika moja, soma SINR, andika, zungusha tena. Elekea mahali SINR ilipo juu zaidi, hata kama mnara unaouona kwa macho uko upande mwingine. Na ununuapo ruta, soma bendi zake. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hubeba bendi 2, 4, 12 na 13, wakati kwetu unahitaji zenye bendi 3 ya 1800 MHz, 20 ya 800 MHz na 28 ya 700 MHz, na ziwe zimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Laini yenyewe isajiliwe kwa jina la kampuni. Laini ya ruta iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mfanyakazi inaondoka naye siku anayoacha kazi, na kwa sheria ni yake. Zima PIN ya laini, au iandike ndani ya ruta, la sivyo umeme ukirudi ruta inaganda ikisubiri namba ambayo hakuna wa kuiingiza. Ruta ikionyesha mawimbi mazuri lakini haipati anwani ya IP kabisa, kagua APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu): laini za biashara wakati mwingine zina APN tofauti na za watu binafsi. Na usiendeshe tawi kwa bando la siku. Bando la siku huisha saa usiyoitarajia, na anayejua kununua jingine huwa ndiye aliyeenda benki. Chukua la mwezi au mkataba wa kulipa baada ya matumizi, wenye kikomo.

Kampuni za simu pia huuza APN ya kampuni, ambapo laini zako zote zinakaa kwenye mtandao wenu pekee, kila moja na anwani ya kudumu, zikiletwa mpaka makao makuu. Ni huduma nzuri, lakini kwa matawi matatu gharama na mkataba wake ni vizito kuliko faida. Ukifika matawi 15 ulizia, na hata hapo endelea kuweka WireGuard ndani yake, kwa sababu APN ya kampuni inatenga data yako na ya wengine bila kuifunga kwa siri kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kiasi cha data. VPN ikikaa bure haina gharama ya kutisha: pakiti ya baiti 60 kila sekunde 25 ni kama MB 0.2 kwa siku, na kubadilishana funguo kila dakika 2 ni MB 0.2 nyingine. Jumla haifiki MB 15 kwa mwezi. Mauzo yanayopita kwenye kivinjari nayo ni madogo. Kinachokula ni vitu vitatu. Cha kwanza ni kamera. Kamera moja inayotuma 2 Mbps mfululizo inatumia GB 21.6 kwa siku, yaani karibu GB 650 kwa mwezi, na hapo ni kamera moja. Usirekodi Kariakoo kamera za Makambako. Rekodi palepale tawini kwenye NVR (kinasa picha cha kamera), kisha utazame kwa VPN pale unapotaka, ukichagua picha ndogo ya 256 kbps: saa moja ni MB 115, nusu saa kila siku haifiki GB 2 kwa mwezi. Cha pili ni masasisho ya Windows, yanayoweza kumaliza GB kadhaa kwa usiku mmoja. Kwenye mipangilio ya mtandao ya kila kompyuta, washa chaguo la kuieleza Windows kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Cha tatu ni simu za wafanyakazi. Nenosiri la Wi-Fi ya kazini likishajulikana na watu watano, bando la mwezi linakwisha kwa wiki kwa video. Wape Wi-Fi ya pembeni yenye kikomo cha kasi, au usiwape kabisa.

Tawi lenye kompyuta mbili za mauzo, kamera za kutazamwa kwa vipindi na barua pepe kidogo, anza na GB 20 kwa mwezi, kisha soma kihesabio cha ruta baada ya siku 7 na uzidishe kwa 4.3. Angalia pia kwamba allowed-address ya tawi haina 0.0.0.0/0. Ikiwa nayo, intaneti yote ya tawi, hata YouTube, inapita Kariakoo kwanza, na unaibebesha faiba yako mzigo wa maduka manne bila faida.

Umeme. Ruta ya volti 12 inayokula wati 10, ikiwa na betri ndogo ya 12 V 7 Ah, ina Wh 84, na ukitumia nusu tu ili betri isife mapema unapata kama saa 4. Inatosha kwa katizo nyingi. Lakini kuna ugonjwa unaojitokeza baada ya umeme kurudi: intaneti ipo, WireGuard haishikani, na baada ya dakika kadhaa, au baada ya fundi kuhangaika, inashika yenyewe. Sababu ni saa. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa, zikiwaka zinadhani ni tarehe ya zamani. WireGuard huweka muda ndani ya ombi la kuunganisha, na Kariakoo hukataa ombi lenye muda ulio nyuma ya lile la mwisho ililopokea, ikilidhania kuwa ni nakala ya mwizi. Weka NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao) kwenye ruta ya tawi, na seva yake ya muda ifikiwe moja kwa moja kwenye intaneti. Ukiipitisha ndani ya VPN, saa inaisubiri VPN na VPN inaisubiri saa.

Modemu za LTE pia huganda mara mojamoja, kwa hiyo iwekee ruta mlinzi: ikikosa majibu ya ping kwa dakika 5, iwashe modemu upya. Mlinzi huyo apige anwani mbili tofauti za intaneti, wala asitegemee Kariakoo peke yake, kwa sababu siku Kariakoo ikikosa umeme, matawi yote matatu yatakuwa yanajizima na kujiwasha kutwa nzima.

Ukitaka laini ya akiba, jua unachonunua. Ruta ya laini mbili yenye modemu moja haitumii zote kwa pamoja, inahama, na kuhama kunachukua nusu dakika hadi dakika moja na zaidi. Kwa duka inatosha. Chagua kampuni mbili, kisha uangalie kama minara yao ni miwili kweli. Kampuni kadhaa hukodi nafasi kwenye mnara mmoja, mathalani ya Helios Towers, na jenereta ya mnara huo ikizima, laini zako zote mbili zinazima pamoja. Mwelekeo bora wa antena kwa kila laini utakupa dalili.

Usalama hauishi kwenye VPN. Kila tawi liwe na jozi yake ya funguo, ili ruta ya Ifakara ikiibwa ufute ufunguo mmoja Kariakoo na wengine waendelee na kazi. Hakikisha kwamba kutoka matawini kinachofikika Kariakoo ni seva ya mauzo kwa bandari yake tu, wala si kompyuta ya mhasibu. Funga Winbox (programu ya kusimamia MikroTik) na ukurasa wa ruta kwa upande wa intaneti. Mwaka 2018 tundu la Winbox liliwafungulia wavamizi MikroTik nyingi sana duniani, na zilizoponea ni zile ambazo mlango huo haukuonekana nje. Remote Desktop isifunguliwe kwenye intaneti hata kwa siku moja ya majaribio.

Na jambo la kisheria lisikupite. Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba kampuni na watu wanaohitaji VPN kwa kazi zao watoe taarifa kwake, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, ikirejea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020. VPN ya kuunganisha maduka yako ni matumizi halali, basi itolee taarifa. Ukiwa na IP moja ya kudumu Kariakoo na ile karatasi ya anwani za matawi, unachopaswa kujaza unacho tayari.

Ruta ya Makambako isipakiwe kwenye basi kabla haijajaribiwa Kariakoo ikiwa na laini yake ndani, bila kuunganishwa na faiba yenu. Fungua orodha ndefu kuliko zote kwenye mfumo wa mauzo. Chomoa umeme, rudisha, hesabu dakika mpaka njia ishike. Chomoa laini, irudishe. Izime faiba kwa dakika 10 uone kama ruta inajiwasha upya bila sababu. Angalia kwenye orodha ya WireGuard muda wa mwisho wa kupeana mikono (last handshake): njia hai huonyesha chini ya dakika 3. Ukiona data inayotoka inaongezeka na inayoingia imebaki sifuri, kosa liko kwenye ufunguo, au bandari 51820 ya Kariakoo haijafunguliwa, na ni afadhali uligundue ukiwa hapohapo mjini.